Panya wa Kilima Kofia

Wenzangu mliobaki kituoni mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, ili anayeanza leo asianze gizani. Nimekubali kwa sharti moja. Sitaandika vyeo nilivyopanda wala mishahara niliyolipwa; mambo hayo yamo kwenye mafaili na hayajawahi kumfundisha mtu kushika panya. Nitaandika habari za kilima kimoja na kosa langu. Kilima chenyewe mtakiona mkisimama mlangoni mwa maabara na kutazama upande wa Ganako. Kiliitwa Kilima Kofia kwa sababu ya msitu uliokifunika kichwani. Leo kimelimwa maharage mpaka kileleni, na jina limebaki bila sababu.

Nilifika Karatu asubuhi ya ukungu, nikitokea nyumbani Mbulu, nikiwa na cheti cha chuo na viatu vya ngozi visivyofaa kwa tope jekundu. Aliyenipokea ni Mzee Bura, msimamizi wa mitego, ambaye hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alitazama viatu kwanza, uso baadaye.

"Umesomea wanyama?"

"Ndiyo, mzee."

"Wangapi wamekuuma?"

"Hakuna."

"Basi bado hujasoma."

Siku hiyohiyo nilisoma mara tatu, mbili kwenye kidole gumba. Mzee Bura alinifundisha kumhamisha panya kutoka kwenye mtego wa bati hadi kwenye mfuko wa kitambaa bila kumwachia mwanya, kumshika ngozi ya shingo kupitia kitambaa, kumning'iniza kwenye mizani ya springi, kisha kumpima mguu wa nyuma kwa kalipa ya chuma, kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, ukucha hauhesabiwi. Alisema uzito hudanganya, kwa kuwa panya aliyeshiba si panya mkubwa, mguu haudanganyi. Tuliandika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye mvua. Nawasisitizia jambo hili kwa sababu juzi nimeona kalamu za wino kwenye sanduku lenu la safari.

Wiki yangu ya kwanza nilimpata dume mzuri, amekufa mtegoni kwa baridi. Nilimleta mezani nikiwa na fahari ya kijinga. Mzee Bura akauliza ametoka mtego gani.

"Nadhani ule wa kumi na nne, mzee."

"Unadhani?"

"Au wa kumi na tano. Yote iko kwenye mteremko uleule."

Alimchukua panya kwa mkia, akatoka naye nje, akamrusha kwenye majani. Mwewe aliyezoea kukaa juu ya nguzo yetu ya uzio alishuka akamchukua kabla sijafunga mdomo.

"Sasa tunajua alikokwenda," alisema Mzee Bura. "Alikotoka hatutajua kamwe. Panya asiye na lebo ni panya tu, kijana. Hata awe mkubwa kama sungura."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa habari za visiwa. Mamalia wakitengwa kisiwani kwa vizazi vingi hawabaki kama walivyofika. Mara nyingi mkubwa hupungua mwili, kwa kuwa malisho ni haba na hakuna simba wa kumlazimisha awe mlima. Mdogo huongezeka, kwa kuwa hakuna paka wala nguchiro wa kumlazimisha aishi ndani ya ufa. Katika visiwa vya bahari za mbali imefukuliwa mifupa ya tembo ambao wakiwa wazima wasingemfikia mtu kifuani. Kwetu sisi, chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na ngozi zake zilibaki za kupimwa. Habari kwamba wachawi walimfuga na kumtuma usiku hazipimiki, kwa hiyo naziacha huko zilikotoka.

Karatu ni mji wa waongoza watalii na masikio yangu yamebeba mzigo. Nimesikia kwamba kreta ya Ngorongoro ilichimbwa na kimondo. Haikuchimbwa, ni mlima wa volkano ulioporomoka ndani yake wenyewe. Nimesikia pia kwamba mnyama aliyezaliwa mle ndani hatoki, kwamba ni kisiwa kamili chenye kuta badala ya maji. Nimesimama ukingoni nikaona tembo wakipanda kwa utulivu kama wanaokwenda kijijini Nainokanoka kununua chumvi. Kisiwa hakithibitishwi kwa kuta zake. Kinathibitishwa kwa kujua ni nani anayevuka. Niliisema sentensi hiyo mbele ya kila mgeni aliyetembelea maabara yetu, na ninapoiandika sasa mkono unakuwa mzito.

Kilima Kofia kilikuwa kisiwa chetu. Zamani msitu wake ulishikana na msitu mkubwa wa hifadhi kwenye miteremko ya kreta. Sikutegemea masimulizi ya wazee katika hilo, nilitazama picha zilizopigwa kutoka angani. Kisha yakaja mashamba ya ngano na mahindi, yakaukata msitu wa kilima kama mkono kutoka kwenye mwili. Juu ya kilima walibaki panya wa msituni, wale wenye manyoya laini ya kahawia na tumbo jeupe. Panya huyu havuki shamba lililolimwa, hana pa kujificha. Kanu, mondo na nguchiro waliokuwa wakimla waliuawa na wenye kuku, mmoja baada ya mwingine. Swali letu lilikuwa rahisi kulitamka: je, panya wa kilima, akiachwa peke yake bila adui, ataanza kuwa mnyama mwingine? Ili kulijibu tulitega mahali pawili, kilimani na kwenye msitu mkubwa, tukalinganisha miguu mwaka hadi mwaka.

Mwaka mmoja baada yangu aliajiriwa Paskali, mtegaji. Tulikuwa rika moja. Alikuwa mtu wa kanisa, mcheshi, mwenye miguu isiyochoka, na aliwasemesha panya kwa Kiiraqw akidai kwamba hawajui Kiswahili. Mimi aliniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha shule. Nilimpenda, na sikumwambia.

Sasa nieleze utaratibu, maana humo ndimo kosa lilimoingia. Panya wa kilimani tuliwapima kiangazi tu, palepale walipotegwa, na kuwaachia palepale. Panya wa msitu mkubwa hatukuweza kuwapima mle ndani, kwa ajili ya mvua na nyati. Tuliwaleta kituoni ndani ya mifuko yao, nikawapima mezani, tukawakata manyoya kidogo nyongani kama alama ya wiki chache, kisha Paskali akawarudisha. Daftari lilikuwa na safu ya mwisho isemayo: Amerudishwa alikotoka. Kila jioni nilimuuliza bila kuinua kichwa.

"Paskali, umewarudisha?"

"Wameshafika kwao, mwalimu."

Nami niliandika: Ndiyo. Mimi niliyemkatalia mhifadhi mmoja taarifa ya chui kwa sababu alikuwa ameziona nyayo zake baada ya jua kuzama, niliandika Ndiyo kwa neno la mtu aliyesimama mlangoni na tope kwenye magoti, kurasa kwa kurasa, kwa muda wote wa utumishi wangu. Sikuwahi kwenda naye hata mara moja kuona.

Mzee Bura alistaafu akarudi kwao, akaniachia kalipa yake. Miaka ilipita kwa namna ambayo miaka hupita mahali pa kazi: mitego iliyokanyagwa na ng'ombe, mitego iliyoibwa ikageuzwa vibatari, siafu waliokula panya watano ndani ya asubuhi moja na kutuachia mikia. Na katika yote hayo, miguu ya panya wa kilimani ilirefuka. Ilikuwa tofauti ndogo, ya kuonekana kwa kalipa na si kwa macho. Nilipima upya. Nilipima kwa kalipa nyingine. Nilimpa mgeni wa chuo kikuu panya waliofia mitegoni, apime bila kumwambia yupi ni wa wapi, naye akapata kama nilivyopata mimi. Jambo jingine niliona kwa macho yangu: panya wa kilima waliacha kuogopa. Nilipofungua mfuko, walikaa juu ya kiganja wakajisafisha masharubu. Daftari halikuwa na safu ya utulivu, kwa hiyo jambo hilo halikuandikwa popote mpaka leo.

Nilistaafu nikiamini kwamba nimeona mwanzo wa kitu.

Mwaka huohuo mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani kwangu. Mashamba ya Ganako yamegawanywa kwa wana, na wana wa wana, mpaka mengine yamekuwa mapana kama kitanda, na kilima kilikuwa mali ya kijiji. Hakuja kwa ubishi.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai sana. Vijana wanataka kilima kigawiwe. Wataalamu wa wilaya wameniuliza kama pale juu kuna kitu cha pekee ambacho hakipo penginepo. Wamesema kikiwepo, msitu unabaki. Kisipokuwepo, tunagawa. Mimi nimewaambia aliyepo wa kujua ni wewe. Njoo utuambie mkutanoni, tutakubali utakalosema."

Nilimwambia nitakuja. Niliandika maelezo ya kurasa nne, safi, bila neno moja la kupamba. Siku mbili kabla ya mkutano nilimwita Paskali, ambaye naye alikuwa amestaafu, nimsomee nyumbani barazani. Alikunywa chai akatikisa kichwa kwa furaha kila nilipofika kwenye miguu.

"Rudia hapo pa miguu, mwalimu."

Nilirudia. Alijipiga paja.

"Unaona! Na mimi nimeshiriki hapo, ila hukuniandika."

"Umeshiriki nini?"

"Si wale niliowapeleka."

"Uliwapeleka nani? Wapi?"

"Panya. Wa msitu mkubwa. Masika ile barabara ya kupanda geti la hifadhi unaijua mwenyewe, hata gari lilikuwa linalala njiani. Na nyati wale. Nikanyagwe kwa ajili ya panya? Kilima kiko hapa nyuma, nikawa napanda nao pale. Msitu ni msitu."

Nilikiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kikombe ndicho kilichokuwa hatarini.

"Wote?"

"Aa, wote hapana. Wale wadogo, dhaifu, niliwaachia palepale uani kituoni wajitafutie. Wale wakubwa wenye nguvu ndio nilipanda nao. Nikaona hao watapata maisha." Alitabasamu. "Na wameyapata. Si umesoma mwenyewe?"

"Miaka mingapi, Paskali?"

"Kila masika."

"Masika yote?"

"Yale yenye tope."

"Panya wangapi?"

"Mwalimu, mimi nilihesabu mitego. Wageni sikuwahesabu."

Mtakuwa mmeelewa, lakini niseme wazi kwa ajili ya mgeni atakayesoma. Kama panya wakubwa wa msitu mkubwa walibebwa kila masika wakaachiwa kilimani, na wadogo wakaachwa chini, basi urefu wa miguu ile huenda haukufanywa na upweke wala na kukosekana kwa adui. Huenda ulifanywa na mfuko wa Paskali. Kisiwa chetu kilikuwa na kivuko, na nahodha alichagua abiria. Wakili hodari angeweza kutetea upande mwingine: kwamba wageni walikuwa wachache mno, kwamba wengi walikufa wiki ya kwanza, kwamba utulivu ule haukubebwa kwenye mfuko. Yote yanawezekana. Hakuna hata moja lililoandikwa.

Paskali aliuona uso wangu.

"Kwani ni vibaya?"

Nilimweleza. Alizungusha kikombe chake.

"Na nani atajua?" alisema mwishowe. "Mimi sisemi. Panya wenyewe hawajui Kiswahili."

"Mimi najua."

"Mwalimu, ukisema hivyo kile kilima kinakwisha. Unaelewa? Hawatakikata wale vijana. Utakikata wewe."

"Nikinyamaza, nitakuwa nimewanyima watu shamba kwa kitu nisichokijua."

"Lakini si wewe uliyewaona wanakaa mkononi?"

Aliondoka bila kumaliza chai, naye hakuwa mtu wa kuacha chai.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilisoma ukurasa wa kwanza, kisha nikaziweka nyingine mfukoni nikasema kwa mdomo: kwamba panya wa kilimani tumewapima kuwa wakubwa, kwamba baadhi ya wakubwa walipelekwa pale na sisi wenyewe, kwa uzembe wa usimamizi wangu, kwamba kwa hiyo siwezi kuthibitisha lolote. Sikulitaja jina la Paskali. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na tangi la maji, kofia mkononi.

Mwenyekiti alinitazama kama mtu anayemrushia kamba mwenzake anayezama.

"Mzee, tusaidie. Hao panya ni wa pekee au si wa pekee?"

"Sijui."

"Hujui? Baada ya miaka yote hiyo kule juu?"

"Sijui."

Mtu mmoja akapaza sauti: "Panya wakubwa hata ghalani kwangu wapo! Aje apime, na chai nitampa!" Watu wakacheka, hata mimi ningecheka kama ningekuwa mmoja wao. Mama Blandina, jirani yangu, mjane wa watoto sita, hakucheka. Alikuwa akinitazama kwa wema, na wema ule ulinichoma kuliko kicheko, maana naye alihitaji shamba. Mwenyekiti aliuliza tena, kwa sauti ya chini, kama ninalo jingine la kuongeza. Nilifikiria mnyama yule juu ya kiganja, akijisafisha masharubu. Nikasema sina. Mikono ikanyooshwa. Sikuihesabu.

Misumeno ya mashine ilifanya kazi kwa majuma mawili. Nilikaa barazani nikasikiliza, kwa kuwa niliona ni haki nisikilize. Walipomaliza kuchoma visiki nilipanda na mitego yangu ya zamani, nikaipanga kwenye mistari ileile ya Mzee Bura, katikati ya majivu, na baadaye pembezoni mwa matuta. Nilipata panya wa mashambani, wale wenye mikia migumu, wanaopatikana kila mahali. Wa tumbo jeupe sikumpata. Nilirudia mwezi uliofuata, na ule mwingine. Ninyi mnajua kwamba mtego mtupu hauthibitishi kutokuwepo. Mimi pia najua, na ujuzi huo haujanisaidia kitu.

Mwishoni mwa mavuno Mama Blandina alikuja uani kwangu na pakiti kuukuu ya sukari, imekunjwa.

"Baba, nimekuletea mtu wako."

Ndani alikuwamo panya, amekufa karibuni, manyoya laini ya kahawia, tumbo jeupe. Niliingia ndani nikaleta kalipa. Nilipima mguu wa nyuma, kisigino hadi ncha ya kidole, ukucha nje. Nilipima mara tatu. Kisha nikaleta madaftari yote, kwa sababu sikuiamini kumbukumbu yangu, nikapekua mpaka ukurasa wa mwisho. Hakuna mguu mrefu kama ule katika madaftari yote.

"Umemtoa wapi, mama?"

"Kilimani, kwenye kipande changu. Chini ya kisiki."

"Umemkuta wewe mwenyewe?"

Alisita. Ni mwanamke mkweli. "Mbwa alikuja naye mlangoni. Lakini mbwa yule anashinda kilimani, baba. Angemtoa wapi kwingine?"

Angeweza kumtoa uani kituoni, wanakoishi wajukuu wa wale walioachwa. Angeweza kumtoa ghalani, au ukingoni mwa msitu mkubwa, maana mbwa wa Ganako huenda mbali. Nilimwambia ahsante. Aliniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia ndiyo, na huo ndio uongo pekee uliomo katika kumbukumbu hizi.

Nilimtia panya kwenye chupa ya spiriti. Nikaandika lebo kwa penseli: jinsia, uzito, urefu wa mwili, wa mkia, wa mguu, wa sikio. Kwenye mstari wa mahali nilishika penseli hadi chai ikapoa. Mstari ule ni mtupu hadi leo.

Chupa nimeileta kituoni nayo iko rafu ya chini, kushoto, nyuma ya mizani mbovu. Mnyama asiye na mahali si ushahidi, na kanuni inawataka mumtupe siku mtakaposafisha. Fanyeni hivyo. Mwewe bado anakaa juu ya nguzo ileile, au ni mwingine, sikumpima. Mimi nimetoka na chupa ile mpaka mlangoni mara mbili, na mara mbili nimeirudisha.